Ute wenye sukari: Ngao ya tumbo isiyoonekana

ASUBUHI katika eneo la Pasiansi, kando ya barabara itokayo katikati ya jiji la Mwanza kuelekea uwanja wa ndege, si ajabu kumkuta kijana akinywa supu ya utumbo kwa chapati kabla ya kuanza shughuli za siku. Hatua chache mbele, katika duka la dawa, si ajabu pia kumkuta mwenzake akinunua vidonge vya kutuliza kiungulia, mkono mmoja ukiwa umebonyeza chembe ya moyo.

Supu ile na vidonge vile vinazaa swali moja ambalo ni wachache hujiuliza. Utumbo wa ng'ombe ulio ndani ya bakuli ni nyama. Ukishamezwa, tindikali na vimeng'enya vilivyo tumboni huanza kuulainisha na kuuvunjavunja, na baada ya saa chache hautambuliki tena. Lakini tumbo la mlaji nalo ni nyama vilevile. Kwa nini basi tindikali inayoyeyusha utumbo wa ng'ombe isiyeyushe tumbo la yule aliyeula?

Jibu la swali hilo limo katika utando mwembamba wa ute unaofunika ukuta wa ndani wa tumbo. Utando huo haufiki unene wa milimita moja, na sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Kinachoyashika maji hayo yasitiririke ni protini zilizovikwa minyororo ya sukari.

Sukari hizo ndizo tofauti kati ya tumbo la kijana yule na utumbo ulio katika bakuli lake. Ng'ombe alipochinjwa, chembe hai zilizokuwa zikitengeneza ute zilikufa, na ngao yake ikaishia hapo. Binadamu aliye hai hutengeneza ngao yake upya kila siku, na siku utengenezaji huo unapozidiwa nguvu, huanza maradhi ambayo Watanzania wengi huyaita kwa jina moja tu: vidonda vya tumbo.

Tindikali kali kuliko ndimu

Tumbo la mtu mzima hutoa kati ya lita moja na nusu na mbili za majimaji ya kusagia chakula kwa siku. Ndani yake imo tindikali ya haidrokloriki pamoja na kimeng'enya kiitwacho pepsini, ambacho kazi yake ni kukatakata protini za nyama, samaki, maharage na vyakula vingine vya namna hiyo.

Ukali wa tindikali hupimwa kwa kipimo cha pH, ambapo maji safi yana pH ya 7, na kadiri tarakimu inavyoshuka ndivyo ukali unavyopanda. Juisi ya ndimu ina pH ya takriban 2. Tumbo likiwa tupu huweza kufikia kati ya 1 na 2. Kwa kipimo hicho, kila hatua moja ya kushuka ni sawa na ukali kuongezeka mara 10.

Ukali huo una manufaa makubwa. Humsaidia mtu kumeng'enya chakula na huua vijidudu vingi vinavyoingia pamoja na maji na vyakula. Mtu asiye na tindikali ya kutosha huwa rahisi zaidi kushambuliwa na magonjwa ya tumbo, kikiwamo kipindupindu. Kwa hiyo tindikali yenyewe si adui. Hatari huja pale inapogusa mahali isipopaswa kugusa.

Mlenda ulio ndani ya mwili

Kwa mkazi wa Kanda ya Ziwa, namna nyepesi ya kuuelewa ute huo ni kukumbuka mlenda au bamia. Mboga hizo zikipikwa hutoa utelezi unaovutika, na utelezi huo hutokana na minyororo mirefu ya sukari za mmea inayoshika maji. Ute wa tumbo umejengwa kwa kanuni inayofanana na hiyo, ingawa vifaa vyake ni vingine.

Kiungo kikuu cha ute wa tumbo ni protini ziitwazo musini. Musini moja inaweza kufananishwa na suke la mtama. Bua lililo katikati ni protini, na punje zilizolizunguka pande zote ni sukari. Kama ilivyo kwa suke lililokomaa, uzito mwingi umo katika punje: sukari huweza kufikia asilimia 80 ya uzito wa musini.

Sukari zinazozungumzwa hapa haziongezwi kwa kunywa chai yenye sukari nyingi. Ni molekuli ambazo mwili wenyewe huziunda na kuzipachika moja baada ya nyingine kwa kutumia vimeng'enya maalumu. Miongoni mwake ni galaktosi, fukosi, asidi ya siali, na nyingine yenye jina refu, N-asetilglukosamini. Hiyo ya mwisho, ikiunganishwa kwa namna tofauti, ndiyo inayounda ganda gumu la mwili wa senene.

Minyororo hiyo hufanya kazi tatu kwa pamoja. Kwanza, hushika maji na kuufanya ute uwe mzito na wenye kunata. Pili, huifunika protini iliyo katikati, hivyo pepsini inapata shida kuifikia na kuikata. Tatu, huzuia madini ya bikaboneti yanayotolewa na ukuta wa tumbo yasisombwe. Bikaboneti hiyo, ambayo ni jamaa ya magadi, huizima tindikali inayojaribu kupenya.

Matokeo yake ni ya kustaajabisha. Upande mmoja wa utando huo, palipo na chakula, pana tindikali kali kuliko ndimu. Upande wa pili, penye chembe hai za ukuta wa tumbo, hali inakaribia ile ya maji ya kawaida. Umbali kati ya pande hizo mbili ni sehemu tu ya milimita.

Ute huo haukai hivyo hivyo daima. Tabaka la juu husuguliwa na chakula na kuliwa na pepsini, nalo la chini husukuma ute mpya. Hata chembe hai za juu kabisa za ukuta wa tumbo hubadilishwa kila baada ya siku chache. Ngao ya tumbo, kwa maneno mengine, ni ukuta unaobomolewa na kujengwa kwa wakati mmoja.

Mpangaji wa miaka mingi

Kwa miaka mingi madaktari duniani waliamini kwamba vidonda vya tumbo huletwa na mawazo, pilipili na tindikali iliyozidi. Imani hiyo ilianza kuvunjika mwaka 1982 katika mji wa Perth, Australia, ambapo Robin Warren na Barry Marshall walifanikiwa kuotesha maabara bakteria aliyejikunja kama kizibuo, waliyemkuta katika matumbo ya wagonjwa.

Wenzao wengi hawakuamini kwamba kiumbe hai kinaweza kuishi katika tindikali kali namna ile. Mwaka 1984 Marshall aliamua kunywa mwenyewe mchanganyiko uliojaa bakteria hao, na katika muda wa siku chache akaugua uvimbe wa ukuta wa tumbo. Mwaka 2005 wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba. Bakteria huyo leo anajulikana kwa jina la Helicobacter pylori.

Siri yake ni kwamba haishi ndani ya tindikali. Huipita kwa haraka na kujificha ndani ya ute. Akiwa njiani hutoa kimeng'enya kinachoigeuza yurea, ambayo imo katika majimaji ya tumbo, kuwa amonia. Amonia huizima tindikali inayomzunguka. Zaidi ya hapo, ute ambao tindikali yake imezimwa hupoteza ugumu na kuwa majimaji, naye akapata njia ya kuogelea kwa mikia yake hadi karibu na ukuta wa tumbo.

Ukanda wa Afrika Mashariki una nafasi ya pekee katika historia ya bakteria huyu. Mwaka 2007 timu ya watafiti wa kimataifa ilichapisha katika jarida la Nature uchambuzi wa vinasaba vya bakteria hao kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Walihitimisha kuwa binadamu walikuwa tayari wanaishi naye walipoanza kutoka Afrika, na kwamba alisambaa duniani pamoja nao akianzia Afrika Mashariki takriban miaka 58,000 iliyopita.

Mpangaji huyo hajahama. Uchambuzi wa takwimu za dunia uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba zaidi ya nusu ya watu wote duniani wanaye, na kwamba barani Afrika anapatikana kwa takriban watu 7 kati ya kila 10. Wengi humpata wakiwa watoto, ndani ya familia, kwa njia ya mate, matapishi au uchafu wa kinyesi unaofika mdomoni. Wengi wao pia hawaugui kamwe. Sehemu ndogo tu hupata vidonda, na sehemu ndogo zaidi hupata saratani ya tumbo. Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, lilimweka bakteria huyu katika orodha ya visababishi vya saratani mwaka 1994.

Sukari zinapogeuka ndoano

Swali lililowasumbua watafiti baada ya hapo ni kwa nini mtu mmoja augue na jirani yake asiugue, ilhali wote wana bakteria yule yule. Sehemu ya jibu imo katika sukari.

Watu wengi wanajua kundi lao la damu, lakini si wengi wanaojua kwamba tofauti ya makundi hayo ni sukari tu. Mnyororo unaomalizikia kwa fukosi ni wa kundi O. Ukiongezewa galaktosi unakuwa wa kundi B, na ukiongezewa ndugu ya galaktosi iitwayo N-asetilgalaktosamini unakuwa wa kundi A. Kwa watu walio wengi, alama hizo haziishii katika damu. Zimo pia katika mate na katika ute wa tumbo.

Mwaka 1954, miaka mingi kabla ya bakteria kujulikana, Ian Aird na wenzake nchini Uingereza walibaini kwamba wagonjwa wa vidonda vya tumbo walikuwa na kundi O kwa wingi kuliko ilivyotarajiwa. Hakuna aliyeweza kueleza sababu kwa wakati huo.

Maelezo yalianza kupatikana mwaka 1993. Watafiti walionyesha kwamba Helicobacter pylori hujishikiza katika ukuta wa tumbo kwa kukamata sukari iitwayo Lewis b, ambayo ina fukosi mbili na hupatikana kwa wingi kwa watu wa kundi O. Miaka mitano baadaye protini anayoitumia kama ndoano ilitambuliwa na kupewa jina la BabA.

Hata hivyo, sukari hizo si mtego kwa mwenye tumbo peke yake. Zikiwa katika ute unaosukumwa nje, humnasa bakteria na kumpeleka kwenye tindikali akafie huko. Ni sawa na mvuvi anayetega chambo mbali na mwalo ili samaki asifike ufukweni. Lakini bakteria naye ana ujanja wake. Mwaka 2017 watafiti walieleza kwamba ndoano ya BabA huachia inapokutana na tindikali kali, hivyo bakteria aliyenaswa katika ute unaomomonyoka hujinasua na kuogelea kurudi ndani.

Kwa kuwa kundi O ndilo lenye watu wengi zaidi nchini Tanzania, habari hii isije ikazua hofu. Kuwa wa kundi hilo ni kuongezeka kidogo tu kwa uwezekano. Hakumhukumu mtu kuugua, na kuwa wa kundi A au B hakumpi mtu kinga.

Dawa iliyo ndani ya tumbo

Ugunduzi uliovuta macho ya wengi ulikuja Agosti 2004. Timu iliyowajumuisha Masatomo Kawakubo na Jun Nakayama wa Chuo Kikuu cha Shinshu, Japani, na Minoru Fukuda wa Taasisi ya Burnham iliyoko California, Marekani, iliandika katika jarida la Science kwamba tumbo la binadamu lina antibayotiki yake lenyewe, nayo ni sukari.

Timu hiyo ilianzia kwenye jambo ambalo lilikuwa limekwisha kuonekana: bakteria hujaa katika ute wa juu lakini ni nadra kuwakuta katika ute wa ndani, karibu na tezi. Ute huo wa aina mbili hutengenezwa na chembe tofauti. Ule wa juu umejengwa kwa musini iitwayo MUC5AC. Ule wa ndani umejengwa kwa MUC6, na minyororo yake humalizikia kwa N-asetilglukosamini iliyopachikwa kwa mkao wa pekee usioonekana katika ute wa juu.

Watafiti walipowaweka bakteria pamoja na musini zenye sukari hiyo, bakteria walidumaa, wakapoteza umbo lao la kujikunja na mwendo wao ukadorora. Chembe za tumbo zilizowezeshwa kutengeneza sukari hiyo hazikudhurika kama zile zisizokuwa nayo.

Namna inavyofanya kazi inaeleweka kwa mfano wa fundi matofali. Bakteria huyu hana uwezo wa kujitengenezea kolesteroli, hivyo huichukua kutoka kwa mwenyeji wake, huivika sukari ya glukosi, kisha huitumia kujengea ukuta wake. Sukari ya ute wa ndani humzuia kufanya kazi hiyo ya kuivika. Ni kama fundi aliyeletewa udongo lakini akanyimwa maji ya kuukandia.

Mwaka 2006 utafiti uliofanywa Ujerumani uliongeza uzito wa jambo hilo. Ulionyesha kwamba kolesteroli iliyovikwa sukari ndiyo inayomsaidia bakteria kukwepa kumezwa na chembe za kinga za mwili. Anayezuiwa kuitengeneza anapoteza nguzo ya ukuta wake pamoja na vazi lake la kujifichia.

Kisha mwaka 2012 timu ya Nakayama ikatoa matokeo mengine. Panya waliondolewa uwezo wa kutengeneza sukari hiyo ya ute wa ndani. Wote walipata saratani ya tumbo, ingawa hawakuwa wameambukizwa bakteria. Ilibainika hivyo kwamba sukari hiyo, mbali na kupambana na bakteria, hutuliza pia uvimbe ambao kwa muda mrefu huweza kuzaa saratani.

Kinachoibomoa ngao

Mbali na bakteria, ipo njia nyingine kubwa ya kuidhoofisha ngao ya tumbo, nayo hupatikana katika karibu kila duka la dawa. Ni dawa za kutuliza maumivu za jamii ya diklofenaki, ibuprofeni na aspirini.

Dawa hizo hupunguza maumivu kwa kuzuia kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini. Kwa bahati mbaya, kemikali hizo hizo ndizo zinazouamrisha ukuta wa tumbo kutoa ute na bikaboneti. Mtu anayezimeza kila siku kwa ajili ya mgongo au magoti, bila ushauri wa daktari, anatuliza maumivu ya sehemu moja na kupunguza ulinzi wa sehemu nyingine. Anayezitumia kutuliza tumbo linalouma anajiongezea tatizo lile lile analolikimbia.

Sigara huchelewesha vidonda kupona, na pombe kali huuchubua ukuta wa tumbo. Kuhusu pilipili, inaweza kuongeza maumivu kwa mwenye kidonda, lakini haijathibitishwa kuwa ndiyo inayokileta. Maziwa nayo hutuliza kwa muda mfupi, kisha huchochea tumbo kutoa tindikali zaidi.

Aidha, haitarajiwi kwamba kula mlenda au bamia kutaongeza ute wa tumbo. Mfano wa mlenda unasaidia kuelewa tu. Sukari za mboga hizo humeng'enywa au kupita na chakula kingine, wala hazigeuki kuwa musini.

Yaliyoonekana Bugando

Gharama ya ngao hiyo kuvunjika imeandikwa na madaktari wa Mwanza wenyewe. Katika ripoti iliyochapishwa mwaka 2011, Dk. Phillipo Chalya na wenzake wa Hospitali ya Rufaa ya Bugando walieleza habari za wagonjwa 84 waliofanyiwa upasuaji hospitalini hapo kwa sababu kidonda kilikuwa kimetoboa tumbo au sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba.

Wengi wao hawakuwa wazee. Kundi lililoongoza lilikuwa la vijana wenye umri wa kati ya miaka 21 na 30. Wengi walifika hospitalini wakiwa wamechelewa, siku kadhaa tangu maumivu yalipoanza. Zaidi ya theluthi mbili hawakuwa wamewahi kutibiwa vidonda vya tumbo. Mgonjwa 1 hivi kati ya kila 10 alipoteza maisha.

Takwimu hizo zinaeleza kwa nini maumivu ya chembe ya moyo yanayojirudia hayapaswi kuchukuliwa kama jambo la kununulia vidonge na kusahau. Vidonge vya kutuliza kiungulia huizima tindikali kwa saa chache, lakini havimgusi bakteria aliyejificha katika ute, wala haviurudishi ute uliokwisha kuliwa.

Kumtambua bakteria huyo hakuhitaji upasuaji. Zipo njia za kupima kinyesi, pumzi au damu, na katika hospitali za rufaa daktari anaweza kupitisha mpira mwembamba wenye kamera kupitia mdomoni ili kulitazama tumbo kwa ndani. Kipimo cha damu kina upungufu mmoja: huweza kuendelea kuonyesha dalili za bakteria hata baada ya mtu kupona. Kwa upande wa vipimo vya kinyesi na pumzi, mgonjwa hutakiwa awe ameacha dawa za kupunguza tindikali kama omeprazoli kwa wiki mbili, na antibayotiki kwa wiki nne, la sivyo majibu huweza kuonyesha kuwa hana bakteria ilhali anaye.

Tiba ya kawaida ni mchanganyiko wa dawa ya kupunguza tindikali na antibayotiki mbili au zaidi, ambazo mara nyingi huwa ni amoksisilini na klarithromaisini, kwa muda unaofikia siku 14. Tatizo ni kwamba wapo wanaoacha dawa maumivu yanapotulia. Bakteria waliosalia hujifunza kuishi na dawa hizo na kuwarithisha wenzao uwezo huo.

Usugu huo umekwisha kuonekana Mwanza. Watafiti wa Bugando na Chuo Kikuu cha Sayansi za Afya na Tiba kilichopo hapo wameripoti katika miaka ya karibuni kwamba bakteria wenye usugu dhidi ya klarithromaisini wanapatikana kwa kiwango kikubwa miongoni mwa wagonjwa wa tumbo waliowachunguza.

Hapo ndipo habari ya sukari za tumbo inapopata uzito. Sukari ya ute wa ndani humkabili bakteria kwa njia tofauti na dawa zilizopo madukani, kwani humnyima kifaa cha kujengea ukuta wake. Endapo wanasayansi watafanikiwa kuitengeneza sukari hiyo kwa wingi na kuifikisha mahali panapotakiwa, huenda ikawa silaha mpya wakati zile za zamani zinapungua makali. Kwa sasa hakuna dawa ya namna hiyo inayouzwa, na yeyote anayedai kuwa nayo hapaswi kuaminiwa.

Yale yaliyo ndani ya uwezo wa mkazi wa mjini ni mengi kuliko inavyodhaniwa. Ni kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka chooni, kunywa maji safi, kupima kabla ya kumeza dawa, kumaliza dozi yote aliyoandikiwa, na kurudi kupimwa wiki zisizopungua nne baada ya kuimaliza ili kuhakikisha bakteria ameondoka.

Zipo pia dalili zisizoruhusu kusubiri hata kidogo. Kutapika damu, kupata choo cheusi kama lami, kupungua uzito bila sababu, au maumivu makali ya ghafla yanayolifanya tumbo kuwa gumu kama ubao, yote hayo ni sababu ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kijana wa Pasiansi ataendelea kunywa supu yake ya utumbo, na hakuna ubaya. Tumbo lake lina uwezo wa kuimeng'enya nyama hiyo bila kujimeng'enya lenyewe, mradi ute wake uachwe ufanye kazi yake. Mwenzake aliye katika duka la dawa, ambaye maumivu yake yamerudi kwa mara ya tatu au ya nne, hahitaji pakiti nyingine ya vidonge. Anahitaji kipimo.